Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitatu haongei, kila mtu ana dawa yake. Tusaidianeni

MamaLangoni
Salaam alaykum jamani, na wengine hamjambo. Niko Lamu, Langoni huku, nina kijana wangu wa kiume wa miaka miwili na miezi mitatu. Maneno yake yote unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ana mama, ana "bu" ndo babu yake, ana nyonya, na ana "mbaa". Mbaa ni punda yoyote apitae mlangoni, na mbuzi pia ni mbaa, na ng'ombe pia. Basi. Akitaka kitu anakushika mkono anakupeleka mpaka kabatini, usipomfahamu anajitupa tini analia mpaka majirani wanauliza. Na mtoto wa jirani amezaliwa mwezi mmoja nae, yule akuambia "baba kenda baharini" bila tabu.

Sasa dawa ninazopewa. Mama mkwe asema nisubiri, baba mtu nae alichelewa mpaka miaka mitatu na saa hizi hanyamazi. Shangazi yake asema ulimi umeshikana tini, ukatwe. Aloniambia ni simu yuko. Aloniambia ni kwa sababu sisi nyumbani ni Kiamu na babake anamuongelesha Kizungu yuko. Kliniki nikauliza wakanambia "wavulana huchelewa, atasema tu" na hawakumuangalia hata usoni. Naomba wenye kujua waseme, wa kunitisha wapite tu.

Bahari_86
Ukhty tulia. Hata Einstein alichelewa kuongea. Huyo akianza utamuomba mwenyewe anyamaze 😂

BabaMaweni
Hizi habari za Einstein jamani ndo zinatuponza, samahani Bahari sio wewe peke yako, kila nilipokuwa nikiuliza nilikuwa naletewa huyo Einstein. Wale watoto waliosubiriwa mpaka darasa la kwanza ndo ikajulikana hawasikii vizuri mbona hatuwataji?

Mi niko Malindi, Maweni. Wangu wa pili kila mtu nyumbani alimuita mkaidi. Ukimuita akiwa anacheza hageuki, lakini ukifungua paketi ya biskuti yuko mlangoni kabla hujaitoa ya kwanza, sasa nani ataamini huyo hasikii? Tulipompeleka kwa daktari wa masikio akamtia kidude sikioni kinapuliza hewa kidogo kinasoma vile ngoma ya sikio inavyocheza, haikucheza. Kulikuwa na majimaji mazito nyuma ya ngoma, hayana usaha, hayaumi, hakuna homa, yanabaki tu baada ya mafua. Mtoto anasikia kama mtu alie chini ya maji, mshindo anaupata lakini maneno yote yameviringana. Tukaambiwa kwa watoto wengi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, turudi apimwe tena. Wake hayakukauka, akawekewa vijibomba vidogo kwenye ngoma.

Mama Langoni kabla ya ulimi, kabla ya simu, kabla ya yote, MASIKIO.

MamaLangoni
Wangu anasikia lakini, adhana ikianza anakwenda dirishani. Na mtaani watu husema kijana aseme lini na ana mama muongeaji hivi 😅

NesiMstaafu
Mwanangu, adhana inatoka kwa spika. Hata mwenye kusikia nusu ataisikia. Jaribio la nyumbani ni wewe kukaa nyuma yake asipokuona, umuite kwa sauti ya kawaida akiwa ameshughulika, mara nyingine kwa sauti ya chini kabisa, nyumba ikiwa kimya. Na hata akigeuka bado apimwe, maana hilo jaribio halijui tofauti ya sikio zima na nusu sikio. Kuna kipimo wanachomeka kidude laini sikioni, mtoto analala au ametulia, dakika chache kimekwisha. Kuna kingine cha waya kichwani kinachosoma ubongo unavyoitikia sauti, hicho ni kwa mtoto aliyelala. Vyote haviumi na havihitaji mtoto ajibu kitu.

Nimekaa kwenye kliniki za watoto miaka mingi kabla ya kustaafu nikarudi kwetu Malindi, kwa hivyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo, mkichoka rukeni.

Kwanza hiyo "mbaa" ni neno. Kama kila akiona mnyama wa miguu minne anasema mbaa na anamaanisha huyo mnyama basi ni neno, hesabu. "Bu" ni neno. Watoto wote huanza kwa kutupa neno moja kwa vitu kumi halafu wanapunguza wenyewe. Usiseme hana maneno, ana machache.

Pili ni kweli machache hayo kwa umri wake ni machache mno, nisikudanganye. Kufika miaka miwili tunategemea mtoto aunganishe mawili, "mama maji", "baba kenda" kama huyo wa jirani, na awe na maneno kama 50. Marekani walipopanga upya orodha yao mwaka 2022 hayo 50 wakayaweka kwenye miaka miwili na nusu na watu wa tiba ya usemi wakalalamika sana, lakini kuunganisha mawili wakakuacha pale pale, miaka miwili. Kwa hivyo kwa orodha yoyote utakayoshika wewe una sababu ya kwenda kuuliza. Wavulana huchelewa kweli, lakini ni kidogo tu, sio mwaka mzima. Hilo la wavulana limewafungia watoto wengi sana mlango wa kliniki na mimi linaniudhi mpaka leo.

Tatu, nataka kujua kuliko idadi ya maneno: anafahamu nini? Ukimwambia "lete kiatu cha baba" bila kuonyesha kwa mkono analeta? Anakunyooshea kidole kitu ili TU muone wote, sio kukiomba? Ukimuita jina anageuka akakutazama? Anacheza kujifanya, kulisha doli, kuendesha kopo kama boti? Nijibu hayo kwanza.

MamaLangoni
Kiatu analeta. Na chapati ukimwambia mpelekee bu anampelekea, nusu ameila njiani. Kidole ananyoosha kwa ndege ya Manda inapopita, ananyoosha halafu ananitazama usoni kama nimeiona. Boti anacheza na dumu la mafuta lililokatwa. Jina anageuka akitaka.

NesiMstaafu
Hapo umenipa moyo mwanangu, na hako kandege ndo kamenipa moyo zaidi. Anayenyoosha kidole halafu akakutazama usoni anazungumza tayari, bado sauti tu. Watoto wa namna hii, wanaofahamu na kuonyesha na kucheza, zaidi ya nusu yao huwafikia wenzao kabla ya shule. Shida ni kwamba katika miaka miwili hakuna anayejua nani atafika na nani atabaki, sio mimi, sio daktari, sio mama mkwe wako na heshima zake zote. Kwa hivyo hatusubiri. Kwenda kupimwa hakumuharibii yule ambaye angesema mwenyewe.

Na wengine mnaosoma kimya kimya, kama wa kwenu alikuwa na maneno YAKAPOTEA, alikuwa anasema mama baba na sasa hasemi, huyo usingoje mwezi. Au hajui kunyoosha kidole na amepita mwaka na nusu, au hakutazami kabisa, nendeni.

Shosti_wa_Shela
Hapo ndo unamaanisha usonji, ile autism?

NesiMstaafu
Unaweza kuwa ni usonji, unaweza kuwa kifafa, unaweza kuwa masikio pia. Kuna maswali 20 ya ndio na la yanaitwa M-CHAT-R, ya watoto wa miezi 16 hadi 30, mzazi anajibu kwa dakika chache tu. Hayasemi mtoto ana nini, yanasema kama aangaliwe kwa karibu. Muulizeni daktari wa watoto. Na mkiwa mnaenda mwambieni historia yote, umanjano wa uchanga uliozidi, homa ya uti wa mgongo, surua, au kama alilazwa mchanga akachomwa dawa ya gentamicin siku nyingi, hizo zote zinaweza kugusa masikio na watu husahau kuzitaja.

Bahari_86
Sasa na ulimi? Binamu yangu alikatwa na akaongea.

NesiMstaafu
Alikatwa akiwa na umri gani, miaka miwili? Na umri huo huo ndo watoto wengi hupasuka maneno, kwa hivyo wembe umechukua sifa. Ulimi ulioshikana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na mkubwa ukamsumbua sauti fulani fulani ya mbele. Hauwezi kumfanya awe na maneno manne. Mtoto wa ulimi ulioshikana atasema maneno mengi yasiyo safi. Mtazame akilamba asali mdomoni, ulimi ukipita mdomo wa tini huo mzima. Na kama kweli unahitaji kukatwa ukatwe hospitali. Hawa wa kukata kwa wembe nyumbani, na wale wa kukata kimeo, nimewapokea watoto wao wakiwa wanavuja damu, sitaki hata kueleza.

Ustadh_Kijana
Salaam. Kwa upande wetu, watu wataleta kombe, yale maandishi ya Qur'ani yanayooshwa yakanywewa, na dua, na mimi mwenyewe huandika. Siwaambii muache. Lakini nikiletewa mtoto haongei swali langu la kwanza siku hizi ni "masikio yamepimwa?" Kuna mzee mmoja alikasirika sana kwa hilo, akaona namfukuza. Dua na daktari havigombani, na kijicho kama kipo hakizuii kupanda boti.

TichaMuyeye
Mi nafundisha chekechea huku Muyeye, naomba niingie kwa hili la lugha maana huwa linanikera. Kila muhula mzazi ananambia "mwalimu tumeacha Kigiriama nyumbani ili asichanganyikiwe". Mtoto anafika kwangu Kiswahili cha mamake ni cha kuungaunga, Kigiriama amekatazwa, nyumba nzima imekuwa kimya. Lugha mbili HAZICHELEWESHI mtoto. Anaesema "madzi" kwa nyanya na "maji" kwangu na "acqua" kwa yule Mtaliano mamake anakofanya kazi, hayo ni maneno, yahesabu yote kwa pamoja lugha zote usichague moja. Kama ana shida ya kweli itaonekana kwa lugha zote anazosikia, sio Kiswahili peke yake.

Na mjue hata kupima kwa lugha zetu kumefanyiwa kazi hapa hapa karibu. Kilifi kuna watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto wachanga za Kiswahili na Kigiriama, kazi yao ikatoka kwenye jarida 2015, na badala ya kumpa mzazi fomu ya kujaza walikaa nae wakamuuliza kwa mdomo maana wengine hawakusoma, na wazazi walijua vizuri tu watoto wao wanasema nini. Kwa hivyo msidharauliwe na mtu kwamba mama asiesoma hajui hesabu ya maneno ya mwanawe.

Mama Langoni kaa na Kiamu chako. Babake akae na Kizungu kama ndio kinamtoka vizuri, kama kinamtoka cha kubahatisha aache, amuongeleshe lugha anayoweza kumtania nayo.

MamaLangoni
😂😂 hapo kwa Kizungu cha babake nanyamaza. Na simu je? Nikiwa jikoni huwa nampa katuni, sina msaidizi.

Shosti_wa_Shela
Simu ndo mchawi mwenyewe. Ukiondoa simu ataongea wiki moja.

BabaMaweni
Wiki moja wapi dada. Wangu hakuwa anajua simu ni nini.

NesiMstaafu
Wote wawili mna robo ya ukweli. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walisema chini ya miaka miwili asipewe skrini, na kuanzia miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua bora. Kuzungumza na baba alie Mombasa kwa video hakumo humo, hiyo ni mazungumzo. Simu haimfanyi mtoto bubu. Inakula zile saa ambazo mtu angemuongelesha, na katuni haingoji jibu lake. Na TV ya kuwaka mchana kutwa pasipo mtu kuiangalia ni mbaya vile vile, maana nyinyi wakubwa mnaongea machache ikiwa inawaka, hamjijui tu.

Lakini sitakuambia mtupe simu halafu nikuache jikoni na mtoto analia. Jikoni ndo darasa lenyewe. Unakuna nazi? Muweke mbele yako sio nyuma, muonane uso kwa uso, wewe juu ya mbuzi yeye juu ya kigoda. Sema unachokifanya kwa maneno mawili matatu tu, "kuna, kuna, kuna", halafu simama. Nyamaza kabisa. Mtazame mato, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kumi ni nyingi utaona mwenyewe, wengi wetu hatufiki tatu tumeshajibu wenyewe. Akitoa chochote, "ku", akipiga mguu, akikutazama tu, endelea kukuna kwa furaha kubwa, "kuna!" Amejifunza kwamba sauti yake imeendesha mbuzi.

Akisema mbaa usimwambie "sio mbaa, sema punda". Mwambie "eeh, punda! Punda kapita." Umempa neno lake limenyooka na umeongeza moja juu yake. Kesho akisema "pu" unasema "punda mkubwa". Unakuwa mbele yake hatua moja, sio kumi.

Na hilo neno SEMA. Sema maji! Sema tafadhali! Sema kwa shangazi! Mlifunge kabatini. Mtoto anaechelewa akiamrishwa kila saa mbele ya wageni atajifunza kwamba kuongea ni mtihani. Badala yake shika tende mkono mmoja na ndizi mkono mmoja karibu na uso wako, "tende? ndizi?" ungoje. Akinyoosha kidole mpe, huku unalitaja jina. Usimnyime chakula mpaka aseme, hiyo nimeiona ikifanywa na watu wazima wenye akili zao.

Ishara za mikono pia msiogope, bai bai, njoo, kwisha, nipe. Hazimfanyi mvivu wa kusema, zinampunguzia kujitupa tini.

Nyimbo mnazo Lamu nyingi kuliko mahali popote. Mwimbie ile ile kila siku halafu katikati ikatishe kabla ya neno la mwisho. Utamuona anavyosumbuka kulimalizia.

Ustadh_Kijana
Hii ya kukatisha katikati sisi chuoni tunaifanya na sura fupi, hatukujua ina wenyewe 😄

TichaMuyeye
Nyongeza ndogo, babu na nyanya. Kuna nyumba mtoto ana watu wanane wa kumhudumia, hajafungua mdomo kitu kimeshafika. Huyo bu apewe kazi, awe anajifanya hajui mtoto anataka nini. Kwa utani lakini, sekunde chache tu, asimlize.

MamaLangoni
Bu yake hawezi huyo, akikunja uso tu duka zima linanunuliwa. Haya, sasa naenda wapi hasa? Hapa kwetu mtu wa tiba ya usemi simjui.

BabaMaweni
Hao wa usemi ni wachache Kenya nzima na wengi wamejazana Nairobi, tusidanganyane. Sisi tulianzia kwa daktari akatuandikia barua ya rufaa, tukaenda Mombasa, hospitali ya Coast General kuna idara ya ENT, yaani masikio, pua na koo. Kwa wewe anzia hospitali ya King Fahd hapo hapo Lamu, omba barua ya ENT na ya daktari wa watoto, usikubali kurudishwa kwa maneno ya atasema. Sema hivi, "ana miaka miwili na miezi mitatu, ana maneno manne, haunganishi mawili, naomba masikio yapimwe". Ukisema "haongei" wanakutuliza, ukisema hesabu wanaandika.

NesiMstaafu
Na beba kile kijitabu cha mama na mtoto, kuna ukurasa wa maendeleo ya mtoto humo ambao haujazwi hata siku moja, wafungulie mbele yao. Halafu kuna EARC, vituo vya tathmini vya wizara ya elimu, vipo tangu 1984, ulizia ofisi ya elimu hapo Lamu. Watu wanadhani ni vya watoto wa shule tu, hapana, wanapokea wadogo na wanajua nani yuko wapi. Wa tiba ya usemi ukimpata mbali muulize kama anafundisha wazazi kwa video, wako wanaofanya hivyo, na kwa mtoto wa miaka miwili kazi kubwa ni ya mzazi hata hivyo, yule anakuelekeza tu.

MamaLangoni
Mwenyezi Mungu awalipe. Babake nimemsomea uzi wote, amesema tunakwenda, mama mkwe amenuna lakini ameuliza kama na yeye atapata nafasi ya boti. Kutoka hapa mpaka Mombasa kwa siku moja na huyu mtoto sijui nitafanyaje, basi la Mokowe linaondoka alfajiri.

BabaMaweni
Usiende na kurudi siku moja, mtoto aliechoka hapimiki. Pumzika Malindi ama ulale Mombasa kwa jamaa. Ukipata kipimo cha kulala atakuwa anahitaji usingizi, kwa hivyo usimuache alale njia nzima kwenye basi halafu ufike pale ana macho makavu. Akiwa na mafua siku hizo waambie, masikio yanabadilika. Na mchukue video kabla hujaondoka, akiwa kwake anacheza na dumu lake, akiona punda, akimpelekea bu chapati. Kule kwa daktari atajikunja kwapani kwako hatasema hata hiyo mbaa.

Bahari_86
Nimeelewa jamani, Einstein namrudisha kwao. Nina mpwa wangu Matondoni miaka mitatu, watu hawamfahamu anachosema ila mamake tu. Hiyo nayo ni shida ama?

TichaMuyeye
Miaka mitatu mgeni anatakiwa afahamu kama robo tatu ya anachosema. Kama ni mamake peke yake, nae apande boti hiyo hiyo.